Kwa Mwana wa Ami, Aliyengoja Tungule Ziive

Mwana wa ami,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki ya Muislamu kwa mwenziwe, nami sitakunyima kilicho haki yako. Mengine uliyoyaomba kwangu nitakunyima, na nitakunyima hadharani, kwa kuwa maneno uliyoyasema juu yangu uliyasema hadharani.

Wiki iliyopita alifika nyumbani kwa baba, hapa Mlandege, rafiki yako wa barazani, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Safari hii hakucheka. Alikunywa kahawa, akaulizia afya ya kila mtu wa nyumba, kisha akaniambia kwamba umeposa, kwamba posa yako imepokelewa na watu wenye heshima zao, na kwamba watu hao, kama ilivyo desturi, wanamuulizia mkwe wao kabla ya kumpa binti.

"Na wa kwanza kuulizwa ni wewe, Mwalimu," alisema. "Basi mwana wa ami yako anakuomba umsitiri. Waambie mliachana kwa wema. Na ile habari kwamba ulimdanganya katika eda, yeye yuko tayari kuisahau."

"Kuisahau? Kwani aliyeizua nani?"

"Ah, Mwalimu. Watu tu."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Akakitazama kikombe chake kana kwamba jina limezama chini ya kahawa.

Nimelijua jina hilo siku nyingi. Tangu tulipoachana unawaambia watu, Mkunazini na kwingineko, kwamba nilisema uongo juu ya mwili wangu mwenyewe mbele ya kadhi. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani kunyamaza ni heshima. Sasa sina hakika. Huenda kulikuwa kiburi, au uchovu. Vyovyote kulivyokuwa, kumekwisha leo. Nimeomba barua hii ichapwe gazetini bila ya jina lako wala langu. Wanaotujua watatujua, na wasiotujua hawatapungukiwa na kitu kwa kutokutujua.

Nianze na yaliyo mema, kwa sababu yapo, na kwa sababu sitaki aisomaye barua hii adhani kwamba nimelipoteza jicho la kuyaonea.

Unakumbuka siku niliporudi kutoka chuo kikuu cha bara? Ulikuja gatini na mwavuli wa marehemu baba yako, ukawa unawaambia makuli ambao hawakukuuliza kitu: "Huyu binti ami yangu. Ana digirii." Niliona haya, na nilifurahi. Ulipokuja kuniposa, baba hakuwa na haja ya kumuulizia mtu. Alikuwa amekulea nusu ya maisha yako, tangu ami, nduguye, alipofariki. Mwaka wetu wa kwanza ulikuwa ukinisindikiza asubuhi mpaka pembe ya mtaa, mimi na buibui langu na madaftari ya wanafunzi, wewe na funguo za duka. Pale pembeni ulikuwa ukisema, "Haya, Mwalimu, kawasomeshe watoto wa watu, lakini sambusa zangu usizisahau." Nilikuwa nikifika darasani bado nacheka.

Kisha barazani wakaanza kukuuliza chakula chako cha mchana kinapikwa na mama au na mke. Sijui waliuliza mara ngapi kabla swali hilo halijageuka kuwa lako. Katika zama hizi za siasa tumeona watu wakiwaacha wake zao kwa ajili ya vyama. Sisi hatukuwa na udhuru hata huo. Siku ile ya mwisho nilichelewa kwa sababu ya mitihani. Mama yako alikuwa amekwisha kupika na kupakua. Wewe ulikuwa umekaa mkekani, mikono umeosha, na chakula hujakigusa.

"Shule au nyumba. Chagua."

"Kwani vinagombana?" nilikuuliza. "Mbona mimi naviona vinapatana?"

"Nshakwambia uchague."

"Na mimi nshakujibu."

Hapo ukalitamka lile neno la talaka, mbele ya mama yako, na wali ukiwa bado unafuka moshi. Nimeirudia siku hiyo kichwani mara nyingi nikitafuta jibu langu lilikuwa na ukali kiasi gani. Huenda nilitabasamu. Nina tabia ya kutabasamu ninapokuwa na hakika, na najua kwamba inachoma. Lakini tabasamu si kosa la mtu kumwacha mkewe, na ulikuwa umeshaosha mikono. Mtu aliyeghadhibika kweli hakumbuki kunawa.

Kwa asiyejua: talaka ya kwanza ni ya rejea. Mwanamke hukaa eda katika nyumba ya mumewe, hatoki hata kwenda kazini, na kabla ya eda kwisha mume anaweza kumrejea kwa kutamka tu kwamba amemrejea. Mwanamke haulizwi kama anataka. Eda ikimalizika bila ya neno hilo, amekwenda zake. Mume akimtaka tena itambidi amuoe upya, kwa mahari mpya na kwa ridhaa yake mwanamke. Basi nilikaa katika nyumba yenu nikiwa chini ya neno ambalo ungeweza kulitamka wakati wowote, na ulikuwa umeshaniambia kwamba siku ya kunirejea ndiyo siku utakayokwenda kwa mwalimu mkuu kuniondoa kazini. Yeye alikuwa ameniwekea nafasi yangu mpaka muhula unaofuata. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na hicho ndicho kilichokuwa mikononi mwako.

Wiki ya kwanza ya eda nilipanda tungule, ambazo watu wa bara huziita nyanya. Sikuwa na azma yoyote. Mikono iliyozoea chaki ilikuwa haijui kukaa bure. Mbegu nilizikamua kutoka tungule moja iliyopondeka jikoni, nikazipaka jivu, nikazianika. Chini ya ngazi palikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa. Niliyatoboa chini kwa msumari, nikatia udongo alioniletea baba kutoka shamba pamoja na samadi iliyokwisha kuoza, nikayapanga juu, kwenye paa bapa la sakafu, kando ya ukuta unaopata jua la asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa maji. Maji ya kisima cha uani kwenu yana chumvi, na tungule haziyawezi. Maji ya mfereji, yaani ya bomba, yalipandishwa ngazi zote zile kwa mgongo wa mtu, na kila ndoo ilikuwa na kazi yake kabla haijafika. Kwa hiyo nilikusanya maji yaliyooshewa mchele na yaliyosuuziwa mboga, nikayatia katika kopo la maziwa nililolitoboa matundu madogo madogo, nikanywesha asubuhi mapema, shinani, si majanini. Mche uliomo ndani ya debe hauwezi kupeleka mizizi mbali kutafuta maji. Hunywa kile ulichopewa. Adhuhuri majani hulegea na kuning'inia, na asiyejua hukimbilia ndoo. Anayejua hungoja alasiri, yakajiinua yenyewe. Nilipenda kukaa kivulini na kuyatazama yakijiinua.

Mama yako hakupenda. Alikuwa akipanda kuanika nguo, akinipita na ndoo yake.

"Mwenye digirii anaogesha majani," alikuwa akisema, hamwambii mtu. "Dunia haishi vituko."

"Yakizaa tutakula sote, mama."

"Mimi meno yangu yana kazi nyingine."

Basi ikawa hivyo mpaka siku ile ya barazani. Sina budi kuieleza, kwa sababu kabla ya siku ile nilikuwa bado naweza kukusamehe. Tuseme nilikuwa nikijiandaa kukusamehe. Nisijipe sifa zaidi ya hapo.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Miche ilikuwa imeanza kutoa maua, nami nilishuka kutafuta uzi wa kuifungia vijiti. Dirisha la ghorofa ya kwanza lilikuwa wazi, na chini yake mlikuwa mmekaa kwenye baraza lenu la mawe. Huyo rafiki yako mrefu akauliza:

"Yakhe, mkeo vipi?"

"Yupo juu, ananywesha tungule."

"Sasa wewe unangoja nini? Si umrejee tu, tule biriani?"

"Mwache kwanza. Miezi mitatu yote ni yangu. Tungule zikiiva, na yeye atakuwa ameiva. Hapo nitapanda na neno langu moja, nimteremshe."

Mkacheka. Mwengine akauliza, "Na shule?"

"Shule gani? Akirejea, karejea jikoni."

Nilisimama pale na uzi mkononi. Sikulia. Nilichokihisi nilikitambua baadaye kuwa ni ghadhabu, lakini wakati ule kilifanana zaidi na kile ninachokihisi ninaposahihisha hesabu ya mwanafunzi na kuona mahali alipokosea. Kwa sababu ulikuwa umekosea, mwana wa ami. Ulisema miezi mitatu.

Miezi mitatu ni eda ya mwanamke asiyeona siku zake, kwa uchanga au kwa uzee. Anayeziona huhesabu tohara tatu, yaani vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi, na kwa aliyeachwa akiwa katika tohara, kama nilivyokuwa mimi, eda humalizika pale hedhi ya tatu inapoanza. Miezi mitatu inaweza kuwa mbali bado. Hili tulifundishwa pamoja. Tulisoma chuo kimoja cha dini, mkeka mmoja, kwa mwalimu mmoja, na ulipofika mlango wa hedhi nyinyi wavulana mlicheka mpaka mwalimu akakutoeni nje. Nakumbuka mlivyofurahi kupata kutoka. Mlikwenda kucheza gololi ukutani, tukawa tunazisikia zikigongana. Sisi wasichana tulibaki ndani na tukasoma mlango ule mpaka mwisho.

Hapo nikaamua kwamba sitakukumbusha. Nimejiuliza tangu siku ile kama kunyamaza kwangu kulikuwa hila. Sijapata jibu linaloniridhisha kila siku. Siku nyingine naona kwamba mtu aliyejipa mamlaka ya kunirudisha bila kuniuliza alikuwa na wajibu wa kujua mwisho wa mamlaka yake, na siku nyingine naona kwamba hoja hiyo ni nzuri mno, na hoja zilizo nzuri mno mimi huzishuku. Lakini siku zote mbili nafurahi kwamba nilinyamaza.

Tangu hapo ulikuwa ukipanda juu kila alasiri na kikombe chako, ukizikagua tungule kama mwenye shamba.

"Zimefika wapi, Mwalimu?"

"Unaziona."

"Bado kijani. Na wewe bado una kiburi. Basi tungoje, sisi hatuna haraka."

Siku moja ulipanda mapema ukakuta majani yamelegea kwa jua. Ukamimina ndoo nzima ya maji ya mfereji katika madebe mawili, umefurahi kama mtu aliyetoa sadaka, kisha hukuonekana huko juu siku kadhaa. Tungule za madebe yale zilipasuka ngozi. Tungule hutaka maji kidogo kidogo, kila siku, kwa kipimo kile kile. Nilizikata zilizopasuka nikafikiri juu ya mwaka wetu wa pili, mkufu wa dhahabu ulionivisha mbele ya watu siku ya Idi, na wiki zilizofuata ambazo hukunisemesha.

Kisha ikaja hatari ambayo sikuitazamia. Tungule moja, iliyokaa karibu na ukuta unaotoa joto, ikaanza kugeuka rangi kabla ya wenzake wote, na eda yangu ilikuwa bado haijaisha. Niliiona asubuhi ikiwa na manjano kidogo begani. Nilijiambia nitaichuma jioni nitakapoteremka. Hata sasa sielewi kwa nini sikuichuma palepale. Labda ni kwa sababu ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa nzuri. Mpaka alasiri jua likawa limemaliza kazi yake, na ilikuwa nyekundu kiasi cha kuonekana kutoka mlangoni. Nikasikia viatu vyako kwenye ngazi.

Niliinyofoa nikaifumbata, na mkono nikautia chini ya kanga. Mama yako alikuwa pale pale, anaanua nguo. Aliona. Aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, na wewe ukatokea mlangoni na kikombe chako.

"Enhe! Hazijaanza tu?"

Ile tungule ilikuwa na joto la jua ndani ya kiganja changu, na nilihisi kwamba nikifumbua mdomo sauti yangu itanifichua. Aliyejibu ni mama yako, amekupa mgongo, anakunja shuka.

"Bado, mwanangu. Jua la mwaka huu halina nguvu. Teremka, kahawa yako inapoa."

"Kahawa ninayo hapa, mama."

"Basi teremka ukanunue nyengine."

Uliteremka unacheka. Mama yako alimaliza kukunja nguo zake, akanipita bila ya neno. Ile tungule niliila nikiwa nimechutama nyuma ya madebe, nzima, na mbegu zake.

Kwa nini alifanya vile, sijui. Nilitaka sana kuamini kwamba aliona mwanamke mwenziwe amebanwa akamfungulia njia. Lakini mama yako alikuwa ameshanichoka, na inawezekana kabisa kwamba alikuwa anahesabu siku zile zile nilizokuwa nahesabu mimi, akiomba ziishe niondoke. Hata siku hedhi ya tatu ilipoanza hakunipa njia ya kujua. Magharibi ile aliona sikuinuka kusali.

"Ndiyo ya tatu hiyo?" aliuliza.

"Naam, mama."

"Haya."

Akaendelea na tasbihi yake. Wewe, mwanawe wa pekee, hakukwambia. Kamuulize yeye ni nani aliyekudanganya. Mimi nitafurahi kulijua jibu.

Nilingoja kwanza niwe na hakika, kisha nikampelekea baba habari aje anichukue. Baba alichelewa. Alisema ana homa, na huenda alikuwa nayo, lakini nadhani aliona haya kumtoa binti yake katika nyumba ya nduguye, na alikuwa bado anaomba wewe ulitamke lile neno la kurejea upesi. Hakuelewa kwamba wakati wake umeshapita. Kwa siku hizo chache nilihamia chumbani kwa mama yako, na kila ulipokuwapo nilivaa buibui na ushungi wangu kamili, kwa sababu ulikuwa umeshakuwa mtu wa nje kwangu. Utasema nilikuficha. Nilivaa buibui juu ya paa, mchana wa jua kali, mbele ya macho yako! Wewe ukasema, "Loo, leo tumemuudhi Mwalimu mpaka kajifunika gubigubi," ukanywa kahawa yako. Swali moja tu, na ningekujibu kwa ukweli. Hukuuliza.

Na nilifanya jambo jingine. Tangu siku ile sikuchuma tena tungule hata moja. Nilizinywesha kwa kipimo kile kile, nikaziacha ziive. Zikaiva vizuri, debe baada ya debe, nyekundu hata mtu aliye paa la pili aliweza kuziona. Hilo sikulisema kwa kadhi, kwa sababu hakuniuliza, na nalisema hapa kwa sababu nataka ulijue.

Ulipanda na rafiki zako wawili kuwa mashahidi. Ulikuwa umevaa kanzu ya Ijumaa. Ulichuma tungule iliyokuwa kubwa kupita zote, ukaifuta kwa kiganja, ukainyanyua.

"Mashahidi, mnaona? Nilisema zikiiva, na zimeiva." Ukanigeukia. "Binti ami, nimekurejea."

"Umechelewa," nilikwambia.

Huyo mrefu akacheka, kama ada yake. Wewe ulikuwa bado unatabasamu.

"Nimechelewa vipi? Mwezi wa tatu haujaisha."

"Sikuhesabu miezi."

Nililiona tabasamu lako likitafuta mahali pa kukaa na kukosa. Mwengine, yule mnyamavu, akainamisha kichwa; yeye alikuwa ameshafahamu. Wewe ulifahamu baada yake, na ile tungule ulikuwa umeibana mpaka maji yake yakaingia ndani ya mkono wa kanzu. Nimeishi na picha hiyo kwa miaka sasa, na sitasema uongo kwamba imeniletea huzuni.

Kwa kadhi ulizungumza wewe kwanza, na ulizungumza sana. Alipokwisha kukusikiliza alinigeukia.

"Binti, eda yako imekwisha?"

"Naam, sheikh. Talaka ilinikuta katika tohara, na nimeshaona hedhi ya tatu."

"Utaapa?"

"Nitaapa."

Nikaapa, mkono juu ya msahafu, baba yangu yuko pembeni yangu. Kadhi akakuuliza, kwa upole:

"Na wewe, ulimuuliza siku zake?"

"Nimuulize nini, sheikh? Miezi mitatu haijafika."

"Miezi mitatu ya nani?"

Kadhi akasema kwamba katika jambo hili kauli ni ya mwanamke, na kwamba ukinitaka upeleke posa. Akaniuliza kama nitakutaka. Nilisema sitaki. Muhula ulipofunguliwa nilikuwa darasani.

Huo ndio uongo wangu wote. Uupime wewe, na waupime wale uliowasimulia.

Sasa nije kwa lile ulilomtuma mtu kuniomba. Alipokuja mjumbe wako kuniomba nikusitiri, alikuwa amekwisha kuchelewa naye. Binti na mama yake walikuwa wameshakuja. Ni msichana mwenye macho makini, anasomea ualimu, na anataka kuifanya kazi hiyo. Mama yake aliniuliza kwa adabu, na mimi nilimjibu kwa insafu, bila ya kukuonea. Nilimwambia kwamba unasali, kwamba mkono wako haujaninyanyukia hata siku moja, kwamba biashara yako ni safi, na kwamba unajua kuchekesha asubuhi. Binti akaniuliza, "Basi, Mwalimu, kwa nini hamkukaa?" Nikamsimulia haya niliyoyaandika hapa, pamoja na mahali ambapo sina hakika na nafsi yangu. Sikumwambia akukatae. Bado anakutaka, na huenda yuko sawa. Watu hubadilika, na mimi nilikujua katika umri mmoja tu wa maisha yako.

Lakini tulikaa mchana mzima, sisi watatu, na tulisoma pamoja mlango wa talaka. Wazee wake wameafiki, na sheikh wao ameridhia. Siku ya akdi, utakapokwisha kukubali ndoa, utaombwa utamke kwa ulimi wako, mbele ya wote walioalikwa, kwamba siku utakayomzuia kufanya kazi yake, siku hiyo hiyo ameachika talaka tatu. Zikiwa tatu hakuna rejea, hakuna kungoja kitu kiive.

Unaweza kukataa. Ndiyo sababu nimeandika hapa, ambapo baraza zote zitasoma. Ukikataa, kila aliyekaa mkekani atajiuliza ni kwa nini mtu anaogopa kuapa kwamba hatafanya jambo ambalo hana nia ya kulifanya. Rafiki zako watakuwapo, na yule mrefu hajui kuzuia kicheko chake.

Hiki ni kisasi. Nimejaribu kukitenga na haki, niijue ipi ni ipi, na sijaweza. Pengine msichana yule atanufaika nacho na pengine nimeitumia hofu yake kumaliza shauri langu. Naliacha wazi. Ninachokijua ni kwamba nilipoyaandika maneno utakayotamka, nilichagua kila neno taratibu, na nilifurahi.

Mama yake amenialika, na nimeitika. Wanawake tutakuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na binti atakuwa pamoja nasi. Kwa hiyo usitamke kwa kunong'ona. Tamka kwa sauti, tusikie.

Mwenyezi Mungu akujaalie ndoa yenye kudumu, kwa masharti yake.

Binti ami yako